Bledi ya theluji kwenye ATV: upana, kamba ya winchi na njia ya changarawe

Swali: Habari fundi. Naishi nje kidogo ya Lewiston, jimbo la Maine, Marekani. Nimenunua ATV (pikipiki ya magurudumu manne) iliyotumika ya cc 450, ina winchi, yaani mashine ya kuvuta kwa kamba, yenye uwezo wa kuvuta uzito wa pauni 2,500. Jirani ananiuzia bledi ya theluji, lile chuma pana la mbele la kusukumia theluji, ya inchi 48 kwa bei nzuri. Njia ya kuingilia kwangu ni ya changarawe, urefu kama mita 30, upana mita 3. Bledi hiyo itafaa? Halafu rafiki yangu kila msimu wa baridi hukatikiwa na kamba ya winchi. Nifanyeje yasinikute?

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Bledi hiyo iache, hata kama bei inavutia. Theluji husukumwa bledi ikiwa imelazwa upande ili imwagike pembeni. Ukiilaza kwa digrii 30, zile inchi 48 (sentimita 122) zinabaki sentimita 106 tu, na ATV ya ukubwa huo ina upana wa karibu sentimita 120. Tairi zitakanyaga theluji ambayo bledi haijaigusa, itashindiliwa, na ikifika asubuhi ni barafu iliyogandamana na ardhi. Tafuta ya inchi 60. Ikilazwa hivyo inabaki na sentimita 132, na injini yako inaimudu. Ifungwe kwenye fremu, chini ya tumbo la chombo, kwa bamba lililotengenezwa kwa modeli yako. Isifungwe kamwe kwenye bampa.

Sasa kamba, maana hapa ndipo wengi wanapoumia. Winchi ya ATV imekusudiwa kukwamua chombo mara mojamoja. Kwenye theluji unaitumia kupandisha na kushusha bledi tena na tena, kwa kipande kilekile kifupi cha kamba. Waya wa chuma hujikunja palepale, nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine. Kibaya zaidi ni kidole: bledi imeshafika juu, dereva bado anabonyeza swichi. Winchi yenye uwezo wa kuvuta zaidi ya kilo 1,100 inavuta chuma kisichoweza kusogea tena, na lazima kitu kiachie. Toa waya, weka kamba ya sintetiki iliyotengenezwa kwa ajili ya winchi au ule mkanda mfupi wa kunyanyulia bledi. Kisha pandisha bledi hadi kimo kinachotosha, vidole vinne chini ya kikomo, na utie alama ya rangi kwenye kamba. Ukiiona alama, achia swichi. Angalia pia mwelekeo: kamba inayovuta kwa kulala hubeba mzigo mkubwa kuliko inayosimama wima.

Winchi hiyohiyo hunywa betri, na injini ikinguruma taratibu bila kupewa mafuta haichaji vya kutosha. Kazi ikiisha, chomeka chaja ndogo ya kutunza betri usiku kucha.

Kwa changarawe, usivitoe vile viatu viwili vya chuma vilivyo nyuma ya bledi. Virekebishe ili makali yaelee sentimita 2 au 3 juu ya ardhi. Theluji za mwanzo wa msimu acha tabaka jembamba ligande na kokoto. Likishakuwa sakafu, shusha bledi. Usipofanya hivyo, masika utakuwa unachota kokoto zako kwenye majani. Springi za bledi nazo usizikaze mpaka mwisho, kwani ndizo zinazoiruhusu ikunjike mbele inapogonga jiwe.

Pima upepo wa tairi nje, kwenye baridi. Tairi lililojazwa psi 6 gerejini kwenye nyuzi joto 20 za Selsiasi hushuka hadi karibu psi 4 ikifika nyuzi 10 chini ya sifuri. Funga minyororo tairi za nyuma, na uongeze mifuko ya mchanga kwenye keria ya nyuma bila kuzidi uzito ulioandikwa hapo.

Endesha kwa gia ndogo, magurudumu yote manne yakivuta, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gia kubwa kwenye mzigo mzito hutelezesha mkanda wa gia na kuuunguza. Wala usingoje theluji ikome. Sentimita 15 kwenye njia yako ni mita za ujazo 13.5: ikiwa nyepesi ni kama tani 1.3, ikiwa imelowa inaweza kupita tani 4. Piga kila inapofika sentimita 7 au 8, na mara ya kwanza isukume mbali kabisa na kingo, kwa kuwa lundo la Desemba likiganda halisogei tena na njia itazidi kuwa nyembamba hadi Machi. Mdomoni mwa njia, geuza uisukume kuelekea uwanjani kwako. Sheria ya Maine inakataza kumwaga theluji kwenye barabara ya umma.