Punda wa boksi amechanika au imechanika? Na vitu vya jukwaani tuviiteje?

Swali: Maalim, asalam alekum. Mimi ni kijana wa Langoni hapa Lamu, nawaundia vitu vya jukwaani wanafunzi wa drama. Saa hii wana mchezo wa mambo ya mji wa zamani, nimewafanyia punda wa boksi anayeingiwa na watu wawili, upanga, jambia na siwa, ile baragumu kubwa ya kupulizwa. Kwenye mazoezi punda akapasuka mgongoni, mwalimu mmoja akasema "punda imechanika", mwingine akamkosoa, "sema amechanika", wakabishana mpaka mazoezi yakasimama. Alafu kwenye orodha vitu vyangu vyote vimeandikwa "maleba" na upanga umeitwa "upanga feki", na hilo limeniuma maana nimeuhangaikia. Sawa ni ipi? Na jina langu liandikweje kwenye programu ya mchezo?

Jibu: Waalaykum salaam mwanangu, na hongera kwa kazi, manake wanaofanya kazi hiyo ni wachache na watu wakitoka ukumbini wanawasifu waigizaji tu, aliyekesha akibandika boksi hata hatajwi.

Tuanze na punda kwa sababu ndiye aliyesimamisha mazoezi. Mimi nasema amechanika. Punda ni mnyama, na mnyama kwenye Kiswahili anafuata ngeli ya A-WA, hilo kila mtu analijua, ubishi unakuja hapo kwenye boksi, kwamba huyu hana roho kwa hivo tumpe I kama kitu. Lakini hebu angalia mama zetu jikoni. Kile kibao cha kukunia nazi kinaitwa mbuzi, na mama akikuambia "niletee ile mbuzi" unajua moja kwa moja anataka kukuna nazi, angesema "niletee yule mbuzi" ungeenda ukamfungua wa kwenye kamba. Na uwanjani kule Manda ndege imetua, ila kwenye mkoko ndege ametua. Ile ya jikoni na ile ya uwanjani zimeazima jina tu, hakuna mtu anayekaa kwenye mbuzi akakuna nazi huku anataka majirani waamini kwamba pale pana mnyama. Punda wako wewe umemfanya makusudi watu wamuone punda, anabebeshwa mizigo, anapigwa kiboko, anagoma katikati ya njia, na watazamaji wa Lamu ambao punda wanapishana nao kila siku vichochoroni wanamkubali. Akishasimama hivo ni punda, na lugha inamfuata na A yake.

Chukua mtoto mchanga wa jukwaani, yule ambaye ni leso imekunjwa ikafungwa, kila mchezo wa shule yuko. Mwigizaji anamshika anasema "mtoto amelala", hajatokea mtu akasema "mtoto imelala" eti kwa sababu ndani hamna mtoto. Nyuma ya pazia sasa, fundo likiachia, unasema "leso imefunguka" na uko sawa pia, manake hapo unaitaja leso yenyewe. Kwa hivo angalia ni jina gani umelitamka. Ukitamka punda, amechanika. Ukitamka sanamu ya punda, imechanika, sababu neno linalotawala hapo ni sanamu. Kichwa cha punda kimechanika, mgongo wa punda umechanika, na kwa fundi nadhani hii ndo bora kuliko zote kwa sababu inakuonyesha pa kupaka gundi. Hata kinyago, tunasema aliyekichonga hakimtishi, tunatumia KI japo kina macho na mdomo kama mtu, kwa kuwa kinyago ni jina la kile kitu kilichochongwa, sio jina la kiumbe anayeigwa.

Kuna wenzetu wanaosema "punda hiyo imelala" hata kwa punda mzima anayekula majani, hiyo ni namna ya kusema ya sehemu nyingine za nchi na mtu akiisema barabarani simsahihishi. Kwenye mchezo wa Lamu lakini, mzee wa Mkomani, mtaa wa hapa Lamu, akiwa jukwaani akasema "punda hii", ukumbi mzima utajua huyo mzee sio wa Mkomani. Mwalimu wa pili alikuwa sawa.

Maleba sasa. Hapa orodha yenu imekosea. Maleba ni mavazi ya mwigizaji, ndivo vitabu vya fasihi vya shule vinavyofundisha, na wanafunzi wakiulizwa kwenye mtihani hilo ndo jibu lao. Kanzu ni maleba, joho ni maleba, kilemba na buibui ni maleba. Upanga wako sio maleba, siwa sio maleba, na punda ndo kabisa, japo watu wawili wanamuingia. Nimewaona walimu wakilitanua neno mpaka likabeba kila kitu kilichoko jukwaani, mpaka viti, na naelewa wanataka neno moja jepesi, ila hasara yake ni kwamba mtu wa mavazi na mtu wa vitu wanaanza kutegeana, kila mmoja anadhani mwenzake ameleta ile bakora, na siku ya kucheza bakora haipo.

Jambia ndo kizungumkuti, na nafurahi umelitaja. Bwana harusi amevaa joho, kiunoni kuna jambia, halitoki alani mchezo mzima. Hapo ni sehemu ya vazi, liandike kwa maleba, mtu wa mavazi ndo alishughulikie. Kwenye mchezo mwingine jambia lile lile linachomolewa, linaelekezwa kifuani mwa mtu, linaanguka chini linaokotwa na mwingine. Hapo limetoka kwa mavazi limeingia kwako, kwa sababu linahitaji mkono wako, ncha iwe butu, mpini usilegee, likianguka lisivunjike. Mafundi wa maigizo wanaliangalia hivo pia, kitu kikishashikwa kikatumika na mwigizaji kinahama idara.

Jina la vitu vyako basi, andika vifaa vya jukwaani. Wengine wanasema zana za maigizo na sioni ubaya, ila zana kwa masikio yangu mimi inanipeleka kwa nyundo na msumeno, yaani vile unavyofanyia kazi, wakati hapa tunataka ile kazi iliyotoka. Kifaa kimetoka kwa kufaa, kitu kinachofaa kwa shughuli fulani, na bakora au barua au taa ya chemli zote zinaingia humo bila kusukumwa. Najua mkiwa mazoezini mnasema propsi, semeni tu, neno limeshazoeleka na hakuna anayepotea. Ila mjue kwa Kiingereza kwenyewe ni kifupi cha neno lenye maana ya mali, mali ya kampuni ya maigizo, wala halisemi kitu ni cha kweli au cha kuunda.

Na hapo ndo tunafika kwa "feki", na maumivu yako nayaelewa. Feki ni neno la mtu aliyetapeliwa. Simu feki, dawa feki, viatu feki, kuna aliyelipa akidhani anapata kingine. Upanga wako haujamtapeli mtu, kila aliyekaa ukumbini anajua hakuna atakayekatwa na amekubali mwenyewe. Bandia ni afadhali sana, manake ina pande mbili. Upande mmoja ni ule wa noti bandia, uhalifu. Upande wa pili hauna lawama yoyote, meno bandia, mguu bandia, na mtoto wa bandia ambaye watoto wa kike wanambeba na kumuogesha. Upanga bandia hautakuvunjia heshima. Ila mkiwa na pesa kwenye mchezo msiandike "noti bandia" kwenye orodha, boksi likifunguliwa njiani na mtu asiyewajua mtakuwa na maelezo mengi ya kutoa. Urongo, kama tunavosema huku pwani, upanga wa urongo, ni lugha ya watoto wakicheza barazani, tamu lakini iache hapo barazani.

Shida nyingine ya bandia ni kwamba haifai kwa kila kifaa, kwa sababu vifaa vingi vya jukwaani ni vya kweli. Kikombe ni kikombe, mkeka ni mkeka. Kuna mpiga piano mmoja, André Tchaikowsky, mzaliwa wa Poland aliyeishi Uingereza, alipofariki mwaka 1982 aliacha wosia kwamba fuvu lake lipewe Royal Shakespeare Company, kampuni ya maigizo ya huko Uingereza, litumike jukwaani. Lilikaa miaka mingi, na mwaka 2008 mwigizaji David Tennant akalishika mbele ya watu kwenye Hamlet, mchezo wa Shakespeare, pale ambapo mwana wa mfalme anazungumza na fuvu la mchekeshaji aliyemjua utotoni. Lile lilikuwa fuvu la mtu kweli kweli na bado ni kifaa cha jukwaani. Ungeliitaje bandia?

Ndo maana mimi napendelea -a kuigizia. Upanga wa kuigizia, noti za kuigizia, siwa ya kuigizia. Ni muundo ule ule wa kisu cha kukatia nyama na jiwe la kusugulia miguu, ile -ia inasema kitu kinatumiwa kufanyia nini. Usikate ukasema "upanga wa kuigiza", hapo mtu anaweza kusikia kwamba upanga ndo unaigiza. Uzuri wake hausemi ni cha kweli au cha kuunda, unasema kazi yake tu, na siku mkiazima bakora ya babu ya mtu inabaki kuwa bakora ya kuigizia bila kuwa bandia.

Kutaja kilichoundiwa ni sawa pia, upanga wa mbao, punda wa boksi, ila chunga. Kuna chupa za kuvunjiana vichwani jukwaani ambazo zamani zilifanywa kwa sukari iliyochemshwa ikamiminwa kwenye kalibu, zinapasuka bila kukata kama kioo, siku hizi wanatumia resini. Ukiandika "chupa ya sukari" kwenye orodha, anayesoma ataenda kununua sukari atie kwenye chupa, kwa sababu -a hiyo hiyo inabeba na kilichomo ndani, kama chupa ya maji. Hapo refusha, chupa iliyofanywa kwa sukari.

Na kwa siwa ongeza neno kila mara, siwa ya kuigizia, haswa hapa Lamu. Siwa za kweli, ile ya Pate ya pembe ya ndovu na ile ya Lamu ya shaba, zilikuwa alama ya utawala na heshima ya mji, leo ni vitu vya makumbusho. Yako naamini ni paipu na matabaka ya karatasi na gundi, ukapiga msasa, ukapaka rangi ya shaba, na kama hujafanya, pitisha rangi nyeusi nyepesi juu yake kisha ifute kwa tambara kabla haijakauka, nyeusi ibaki kwenye mikunjo na nakshi. Bila hiyo, mtu wa kiti cha nyuma anaona paipu linalong'aa. Na tundu la kupulizia liweke ubavuni, sio mwishoni kama tarumbeta, manake siwa hupulizwa kwa ubavu na hapa wapo watakaoliangalia hilo kabla ya kitu chochote.

Jina lako kwenye programu. Wasiandike "vifaa vimetengenezwa na", kutengeneza kwetu ni kuunda kitu kipya na pia kukarabati kibovu, mtu atadhani ulivirekebisha tu vikiharibika. Neno la kazi yako liko kijijini Matondoni kwa mafundi wa vyombo vya baharini, nao husema kuunda, jahazi linaundwa, mashua inaundwa. Kuchonga ni kwa ule upanga peke yake, punda wa boksi hachongwi. Na kama michoro na vipimo alitoa mwalimu alafu wewe ukafanya kwa mikono, mtengane, yeye amebuni wewe umeunda. Kama yote ni yako, waandike hivi: Vifaa vya jukwaani vimebuniwa na kuundwa na, kisha jina lako kamili, mstari wake peke yake, chini ya ule wa maleba.