Maswali na Majibu: GPS ya gari kwenye chombo cha uvuvi

Barua za mwezi huu karibu zote zimegusa jambo moja: vifaa vya GPS vilivyotolewa kwenye magari, ambavyo sasa vinauzwa rahisi kwa kuwa madereva wengi wamehamia kwenye simu. Wavuvi wanavinunua, nami sioni kosa kwa mtu mwenye fedha kidogo kufanya hivyo. Kinachoniuma ni dira kuachwa nyumbani siku hiyo hiyo.

Nimepata GPS ya gari kwa bei ya kutupa. Itafanya kazi baharini? (Mvuvi, Kilwa Kivinje)

Itafanya. Setilaiti haijali kama umepanda gari au mashua, na baharini hakuna majumba wala miti ya kuziba anga, kwa hiyo itakuonyesha ulipo kwa kosa la mita tano hadi kumi. Tatizo ni kwamba kifaa kimetengenezwa kufuata barabara. Ukikituma mwambani kitatafuta lami, na ukiwa karibu na pwani kinaweza kukuweka barabarani ilhali uko majini. Ingia kwenye mipangilio, tafuta sehemu ya njia, uchague mwendo wa nje ya barabara, yaani mstari mnyoofu. Si kila kifaa kina chaguo hilo. Kiangalie kabla hujatoa hela.

Sasa huo mstari mnyoofu ndio unaopasua vyombo. Ramani ya gari haina mwamba, haina fungu, na haijui kama maji yamejaa au yamekupwa. Kutoka ulikovua hadi bandarini kwako itachora mstari juu ya matumbawe. Kwa hiyo usihifadhi alama ya nyumbani peke yake. Hifadhi mlango wa kuingilia, yaani mwanya katikati ya miamba, kwa alama mbili, moja nje ya mlango na moja ndani. Ukirudi, fuata ya nje kwanza, ndipo uingie. Nenda ukazichukue mchana wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kukupwa sana, maji yakiwa yamekupwa na miamba inaonekana kwa macho. Alama ya mlango usipewe na mtu, ichukue mwenyewe.

Lazima niwe na bando? (Msomaji, Tanga)

Si lazima, na swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno. GPS inapokea tu, haitumi kitu. Ndiyo maana nawakumbusha pia: ukipotea, hakuna anayekuona kwa sababu ya hicho kifaa. Mwambie mtu wa nchi kavu unakwenda wapi na unarudi saa ngapi.

Itanionyesha samaki au kina cha maji? (Msomaji, Bagamoyo)

Hapana. Kina kipime kwa bildi: kamba yenye fundo kila pima (urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa) na chubwi, yaani kizito cha kuizamisha, mwishoni. Paka grisi chini ya chubwi. Ikirudi na mchanga, uko juu ya mchanga. Ikirudi safi ina mikwaruzo, umegonga jiwe. Wazee walipata miamba hivyo, na kamba haiishi chaji.

Shikamoo mzee. Jamaa yangu alinisomea namba za mwamba wake kwa simu. Nimekwenda mara mbili, nimekuta mchanga mtupu. Amenidanganya? (Kijana, Mafia)

Marahaba. Usigombane na jamaa yako kabla hujaangalia kifaa chake kinaandikaje namba. Mahali pamoja panaandikwa kwa namna tatu. Chukua latitudo hii ya kusini: 7.97417 kwa digrii na desimali, 7° 58.450' kwa digrii na dakika, 7° 58' 27" kwa digrii, dakika na sekunde. Zote ni sehemu moja. Sasa yeye anakusomea "saba, hamsini na nane, nukta arobaini na tano", wewe unaingiza sekunde 45. Umeongeza sekunde 18. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852, kwa hiyo umetupa mshipi zaidi ya mita 550 kutoka kwenye jiwe. Hapo hata changu mmoja humpati.

Mkubaliane namna moja. Mimi napendelea digrii na dakika, kwa kuwa ndiyo inayokwenda na ramani za bahari. Kila namba iandike kwenye daftari pamoja na namna yake, na herufi S mbele ya latitudo; kifaa kikibaki kwenye N kitakupeleka upande wa pili wa ikweta. Kifaa kikizama, daftari lililobaki nyumbani bado lina kazi yako ya miaka yote.

Na kwa kuwa uko Mafia: ramani ya gari haionyeshi mipaka ya hifadhi ya bahari, iliyopo hapo tangu 1995. Uliza kama mwamba wa jamaa yako uko ndani au nje kabla hujaenda mara ya tatu.

Nikisimama kuvua, mshale unazunguka ovyo. Kimeharibika? (Mvuvi, Kipumbwi)

Hakijaharibika. Vifaa vingi vya gari havina dira ndani. Vinakisia uelekeo kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo sasa. Ukisimama vinabahatisha, na ukichukuliwa na mkondo vinaonyesha unakochukuliwa, si linakoelekea omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo.

Lilinipata mwenyewe wakati wa kusi, upepo wa kusini. Tulizima mashine kuvuta mshipi, mvua ikafunga, nchi ikapotea. Mshale ulielekea kaskazini, nasi tukageuza kushoto tukijua tunafuata magharibi, kwenye nchi. Kumbe omo lilikuwa tayari linaangalia magharibi, na mkondo ndio uliokuwa ukitusukuma kaskazini. Mawimbi yakaanza kutupiga usoni. Mwenzetu mmoja alikuwa na dira ndogo mfukoni. Akaitoa, sindano ikatuonyesha tunakwenda kusini. Tangu siku hiyo sipandi chombo kisicho na dira.

Fedha ninayo ya kitu kimoja: GPS au jaketi okozi? (Mama wa mvuvi, Unguja)

Jaketi, mama. Na alivae, asilikalie.

Kifaa changu cha zamani kinaonyesha tarehe ya miaka karibu ishirini nyuma. (Msomaji, Mtwara)

GPS huhesabu wiki hadi 1,024 kisha huanza upya. Mara ya mwisho ilikuwa Aprili 2019, na vifaa vingi vya zamani vilichanganyikiwa. Mahali kwa kawaida bado vinapata sawa. Kilinganishe na alama unayoijua kabla hujakiamini.

Chaji inaisha baada ya saa mbili. (Mvuvi, Pangani)

Ndivyo vilivyo, vimezoea kula umeme wa gari. Tumia betri ya pikipiki ya volti 12, lakini pitia kwenye chaja yake ya gari inayopunguza umeme. Ukiunga waya moja kwa moja utakiunguza. Betri ifungwe isihame, vichwa vyake vifunikwe, na ikae mbali na dumu la petroli. Kifaa kitie kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, ufunge mdomo barabara, kwani hakikutengenezwa kwa maji ya chumvi. Kiwashe ukiwa bado ufukweni. Kikiwa kimezimwa wiki kadhaa kinaweza kuchukua zaidi ya dakika kumi kupata setilaiti.