Mtoto wa kulelewa analala stoo, nifanye nini?

SWALI: Shangazi habari za kazi. Jirani yangu alipewa mtoto wa kike wa miaka 9 amlee na watu wa probesheni, wale maafisa wa ustawi wa jamii wa wilaya, mwaka umepita. Watoto wake wa kuzaa wanaenda shule na yunifomu safi lakini huyu saa kumi na moja alfajiri ashafika bombani na jerikeni mbili, na mwanangu ananiambia analala stoo juu ya gunia. Nikisema nitaitwa mchonganishi, tena huyo mama tunasali pamoja. Ivi serikali inamfuatilia mtoto kama huyu ama wakishampeana ndo basi?
Mama Jirani, Arua

JIBU: Mama Jirani pole sana, na asante kwa kumuona huyo mtoto maana wengi tunapita tu. Hapana, sio basi. Kanuni zilizo ndani ya Sheria ya Watoto ya hapa Uganda zinamtaka mlezi atie sahihi kwamba atamlea kama wake wa kumzaa, akiugua atampeleka kwa daktari na nyumba yake ikaguliwe, na afisa wa probesheni anatakiwa aende kumuona ndani ya wiki mbili za kwanza alafu asipitishe miezi mitatu bila kurudi. Shida wilaya ni kubwa, maafisa wachache, na wengine hata mafuta ya pikipiki hawana.

Tena kufika peke yake haitoshi. Niliwahi kufuatana na afisa mmoja, tukaoneshwa kitanda kimetandikwa vizuri kabisa, nikainua shuka nikakuta godoro bado liko ndani ya plastiki ya dukani. Mtoto kuulizwa unalala hapa, akaangalia mlangoni kwanza alipokuwa mama mlezi ndo akasema ndiyo. Mlezi alikuwa amepigiwa simu jana yake kwamba tunakuja. Mi tangu siku ile nasema watu waende bila taarifa, na mtoto aongee mbali na mlezi.

Sasa wewe. Kuchota maji peke yake sio mateso, sote tumechota. Angalia wenzake wa nyumba hiyo wanachota? Posho (ugali) na maharage wanakula pamoja au yeye anasubiri masalio? Kama nyumba nzima inalala chini huo ni umaskini, wasaidieni, lakini mmoja tu kuwekwa stoo na shule haendi, huyo kafanywa mfanyakazi wa ndani na nakwambia inaniuma.

Nenda kwa LC1 wako, yaani baraza la kijiji, umuone naibu mwenyekiti, yeye ndo anashika mambo ya watoto kijijini, na sheria inasema mwenye ushahidi kwamba haki za mtoto zinavunjwa apeleke habari kwa LC kwa hiyo hujachonganisha mtu. Sema ulichoona kwa macho yako, siku gani, saa ngapi. Wakikuzungusha nenda ofisi ya probesheni wilayani, huyo alipelekwa na wao faili lake wanalo, ama piga 116, simu ya kuripoti mambo ya watoto, ni bure. Wanaweza kumuonya mlezi, wanaweza kumhamisha mtoto. Usimchukue ukamficha kwako tafadhali, kesi itakugeukia wewe.

Na mwanao usimkataze kucheza naye hata mama yule akinuna, huyo binti saa hizi hana mwenzake mwingine hapo mtaani.