Wiki sita za CCNA: zinatosha?

Dada, umeuliza kama wiki sita zitakutosha kwa CCNA (mtihani wa cheti cha mitandao wa kampuni ya Cisco) ukisoma jioni baada ya kazi. Kama hujawahi kugusa ruta (kifaa kinachounganisha mitandao), hazitoshi. Mimi nilianguka mara ya kwanza, na si kwa uvivu: kila siku nilitazama video kwenye matatu ya Rongai, lakini vidole havikuandika amri hata moja.

Anza na kugawa mitandao (kukata mtandao mmoja kuwa midogo) mpaka uote. Ukipewa anwani kama 192.168.10.77/26 (hiyo /26 ndiyo ukubwa wa mtandao), useme papo hapo: mtandao unaanzia .64, brodikasti (anwani ya kufikia vifaa vyote kwa pamoja) ni .127, na vifaa vinavyoingia ni 62. Zoea bila kikokotoo, kalamu na daftari tu (hata stima ikipotea hauna kisingizio). Kwenye mtihani una dakika 120, na ukishapita swali huwezi kulirudia, kwa hivyo moja lisikumeze.

Packet Tracer, programu ya Cisco ya kuigiza mitandao kwenye kompyuta, ni ya bure. Unganisha ruta mbili, washa OSPF (utaratibu wa ruta kujulishana njia), halafu uiharibu makusudi: badilisha namba ya eria (kundi la ruta) upande mmoja, uone ruta hizo jirani zikikataana. Mada ya kupitisha data kati ya mitandao ina asilimia 25, ndiyo kubwa kuliko zote.

Na wale wanaouza "majibu" ya mtihani Telegram, achana nao kabisa. Cisco wakigundua, cheti kinaweza kufutwa.