Kuchuma kamomili kwa wakati wake
Umeuliza kwa nini maua yako ya kamomili, mmea ambao maua yake hukaushwa ili kutengenezea chai, hupukutika na kupoteza harufu yakishakauka, ilhali shambani yalinukia vizuri. Kwa maelezo uliyotoa, naona unachelewa kuchuma. Wakati unaofaa ni pale petali nyeupe zinapokuwa zimenyooka kuelekea pembeni. Zikianza kuinama kuelekea kikonyo, na kitovu cha njano kikachongoka, ua limepitiliza, mafuta yake yenye harufu yanapungua, na kitovu kitavunjika vipande vipande wakati wa kukausha.

Chuma asubuhi umande ukishakauka, kabla jua halijawa kali, kwa sababu ua lililolowa hushika ukungu upesi. Pitisha vidole vilivyotanuliwa chini ya vichwa vya maua uvivute juu, ili vikonyo vibaki vifupi. Tafadhali usiyashindilie kwenye mfuko wa plastiki, kwani hupata joto na kuwa ya kahawia. Yaanike siku hiyo hiyo kivulini, kwa tabaka jembamba, na kama una kikaushio usizidishe nyuzijoto 40 za Selsiasi. Maua hayafunguki yote kwa pamoja, hivyo itakubidi urudi shambani kila baada ya siku chache.