Jeli ya donda haikai kabatini

Msomaji wa Wete ametuandikia. Mama yake ana donda la kisukari kwenye wayo, mjomba kamletea kutoka Marekani tyubu ya bekaplemini, jeli ya kuponyesha donda, wiki tatu anapakwa na donda liko vile vile. Tyubu inakaa wapi? Kabatini, ubavuni mwa mafuta ya nazi.

Basi huenda imeshakufa. Jeli hii ni protini inayoziita seli zije zijenge nyama mpya, na joto letu huiharibu. Mahali pake ni friji, nyuzi 2 hadi 8, mbali na barafu, kwani ikiganda pia imekwisha.

Hata tyubu isiyoharibika haifui dafu juu ya nyama iliyokufa. Donda sugu limejaa vimeng'enya vinavyokata protini, kwa hiyo unachopaka huliwa kabla hakijafanya kazi. Lazima daktari au muuguzi aikwangue ile nyama ya manjano mpaka chini pawe pekundu, na apime kama damu inafika mguuni. Isipofika, jeli ni kupoteza pesa bure. Donda likiwa na saratani, ni marufuku kabisa.

Kipimo ndicho kinachowashinda wengi. Kwa tyubu ya gramu 15, chukua urefu wa donda kwa sentimita, zidisha kwa upana, gawa kwa 4: jibu ni urefu wa utepe wa jeli utakaokamua, kwa sentimita. Donda la 4 kwa 2 linataka utepe wa sentimita 2, basi. Ukamulie juu ya kitu safi, usiigusishe tyubu na donda, kisha utandaze kwa kijiti cha pamba, unene kama milimita moja na nusu. Funika kwa shashi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya hospitali. Baada ya saa 12 osha, funika tena kwa shashi nyingine iliyoloweshwa vivyo hivyo, bila jeli, mpaka kesho yake. Mara moja kwa siku. Kupaka mara mbili hakuharakishi chochote. Pima upya kila wiki, maana donda likipungua na utepe unapungua. Wiki ya 10 ikifika na halijapungua hata kwa asilimia 30, mrudisheni kwa daktari.

Na mama asiukanyage mguu ule. Hili ndilo zito kuliko tyubu yenyewe: hatua chache za kwenda jikoni husaga nyama changa iliyoota usiku kucha. Aletewe chakula alipo, aswali amekaa.

Waliouliza kuhusu kuungua: jeli hii si ya moto. Japani wanayo dawa ya kupuliza ya jamii hiyo, trafemini, tangu 2001, nayo hutumika hata kwa vidonda vya moto, lakini kwa mkono wa daktari. Mtoto akimwagikiwa na chai, dakika 20 chini ya maji ya mfereji yanayotiririka, bila barafu. Dawa ya mswaki iacheni msalani.