Dumu la mkojo wa saa 24: pa kuanzia kwa mtafiti mpya wa mawe ya figo

Kabla hujagusa takwimu, jifunze kukusanya mkojo wa saa 24. Vipimo vya kalsiamu, oksaleti (kemikali inayoungana na kalsiamu kuwa jiwe), sitreti, sodiamu na asidi ya yuriki vyote vinatoka kwenye dumu hilo, na kosa likishaingia humo hakuna hesabu ya kulitoa.

Mshiriki akiamka, mkojo wa kwanza aumwage chooni na aandike saa. Kuanzia hapo kila tone liingie dumuni, pamoja na mkojo wa kwanza wa kesho yake, saa ileile. Wengi hukosea mwanzoni kabisa: huweka mikojo yote miwili ya asubuhi, na mtu mwenye kalsiamu ya kawaida akaonekana anayo nyingi. Wengine huenda haja kubwa wakasahau kwamba mkojo nao umetoka. Mwelekeze akojoe kwanza dumuni, ndipo akae chooni.

Ukaguzi wako ni kreatinini, taka ya misuli inayotoka na mkojo. Kwa siku, mwanamume mzima hutoa takriban miligramu 20 hadi 25 kwa kila kilo ya uzito, mwanamke 15 hadi 20. Mwanamume wa kilo 70 akileta miligramu 800, huenda mkojo umepotea njiani. Mhoji, kisha arudie. Usitupe sampuli kwa pupa, maana mzee au mtu aliyekonda ana misuli michache na hutoa pungufu kihalali.

Asidi ya haidrokloriki huzuia chumvi za kalsiamu zisituame chini ya dumu, lakini huifanya asidi ya yuriki igande na huharibu kabisa kipimo cha pH. Vipimo hivyo viwili vichukuliwe kwenye mkojo usiotiwa asidi.

Usikusanye mtu akiwa na maumivu wala mara tu baada ya jiwe kutolewa. Subiri wiki 6 hivi. Ale na anywe kama kawaida yake. Kwa kuwa wengi hunywa maji mengi siku ya dumu tu, kusanya siku mbili tofauti.

Na usiridhike na kalsiamu peke yake. Katika jaribio la Italia lililochapishwa mwaka 2002, wanaume 120 walifuatiliwa miaka 5. Waliopunguziwa kalsiamu kwenye chakula walirudiwa na mawe 23 kati ya 60; waliokula kalsiamu ya kawaida huku wakipunguza chumvi na nyama, 12 kati ya 60. Kalsiamu ya mkojo ilishuka pande zote mbili. Tofauti ilikuwa kwenye oksaleti: kalsiamu ikipungua utumboni, oksaleti hukosa cha kuishika, ikafyonzwa na kuishia kwenye figo.

Mwisho, amueni mapema "jiwe jipya" ni lipi. Skani ya CT huona vijiwe ambavyo ultrasaundi huvikosa. Mkianza na ultrasaundi mkamaliza na CT, mawe ya zamani yatahesabiwa kuwa mapya. Tumieni kipimo kilekile mwanzo na mwisho, na msomaji wa picha asijue mgonjwa yuko kundi gani.